Pigo au Kosa?

Ninyi msomao kitabu hiki mmezoea kuhukumiwa na walimu wenu. Leo nataka kuwasimulia habari ya siku ambayo mimi, mwalimu, nalihukumu vibaya, na mwanafunzi akanirudisha katika haki.

Jambo lenyewe lilitokea hapa Mugoma, katika wilaya ya Ngara. Kiwanja cha shule yetu kimekatwa ubavuni mwa kilima. Upande mmoja kina majani, upande wa pili kina changarawe, na mpira ukiponyoka huteremka mpaka migombani. Hapo ndipo nilipowafundisha watoto mchezo wa besiboli. Wajapani walianza kuufundisha katika shule za nchi yetu mwaka 2012, na Azania ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza. Mwaka ule ule watoto wa Lugazi, katika nchi ya Uganda, walisafiri mpaka Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano makubwa ya watoto wa dunia. Mimi nalijifunza mchezo huu nilipokuwa likizoni Dar es Salaam, nikarudi na mipira miwili na kitabu cha kanuni. Gongo tulilichonga wenyewe.

Kila upande una wachezaji 9. Mrushaji hutupa mpira, na mpigaji wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbilia kituo cha kwanza. Walinzi wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, au wakiufikisha kituoni kabla yake, mpigaji huyo ametoka. Wakitoka watatu, zamu hugeuka. Azungukaye vituo vyote na kurudi alikoanzia huupatia upande wake pointi 1.

Mwamuzi ndiye asemaye nani ametoka na nani amesalimika. Lakini yuko mtu mwingine, akaaye kando na daftari na kalamu, naye ni mwandishi wa mchezo. Desturi ya kuandika mchezo huu kwa hesabu ilienezwa sana na Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 akafa Marekani mwaka 1908. Mpigaji akifika kituoni salama, mwandishi hujiuliza: Je, amefika kwa pigo lake zuri, au kwa kosa la mlinzi? Jibu lake halimwondoi mpigaji kituoni, wala halipunguzi pointi za mtu. Walakini hubaki limeandikwa, na kwa maandishi hayo watu hujua nani ni mpigaji hodari.

Kanuni yampa mwandishi kipimo kimoja, nacho ni juhudi ya kawaida. Sharti aulize kama mlinzi wa kadiri, katika daraja lile lile la wachezaji, angaliweza kuuzuia mpira ule kwa juhudi ya kawaida, katika kiwanja kile na hali ile ya hewa. Basi mtoto wa darasa la sita hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima aliyecheza miaka 20. Mpira ukigonga jiwe ukaruka juu ya bega la mlinzi, hilo ni pigo, maana hakuna awezaye kujua jiwe litaurusha wapi. Jua likimpofusha, kadhalika ni pigo. Lakini mpira ukija taratibu ukapita katikati ya miguu yake, hilo ni kosa, hata kama hakuugusa.

Katika muhula ule naliahidi kalamu na daftari jipya kwa mpigaji atakayewashinda wenzake. Siku ya mwisho walibaki wawili. Mmoja alikuwa mvulana wa darasa la sita, naye alikuwa amekwisha maliza zamu zake zote: mapigo 13 katika zamu 25, yaani sehemu 52 katika 100. Wa pili alikuwa wa darasa la saba, mtoto wa dada yangu, akaaye nyumbani kwangu. Alikuwa na mapigo 10 katika zamu 19, na zamu yake moja ilikuwa bado.

Wenzake wawili walikuwa wamekwisha toka. Mpwa wangu akapiga, na mpira ukatambaa chini, ukamwelekea msichana wa darasa la sita aliyesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Alikuwa mgeni katika mchezo, tena mwenye haya. Mpira ukamfikia, ukamponyoka mikononi, na mpwa wangu akafika kituoni salama. Baada yake watoto wawili wakapiga vizuri sana, zikaingia pointi 2, na darasa la sita likashindwa.

Nalishika kalamu. Nalimtazama yule msichana, nikaona macho yake yamejaa machozi. Nikajisemea moyoni, “Masikini, pengine mpira uligonga jiwe.” Nikaandika: pigo. Kwa hiyo mpwa wangu akawa na mapigo 11 katika zamu 20, yaani sehemu 55 katika 100, akashinda. Nalijiambia ya kuwa nimefanya huruma.

Asubuhi yake, kabla ya kengele, msichana yule alinijia mlangoni mwa darasa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Una shida gani?”

“Mwalimu, nimesikia mpira wa jana umeandikwa pigo.”

“Naam. Uligonga jiwe.”

Akainama kidogo, akasema, “Haukugonga jiwe, Mwalimu. Ulikuwa mikononi mwangu. Nalitazama mkimbiaji kabla sijaushika. Na sasa wenzangu wanamcheka mrushaji wetu, wanasema pointi zile mbili ni zake.”

Naliona haya kuliko yeye. Kwa maana kanuni yasema wazi kwamba pointi zilizopatikana kwa sababu ya kosa la mlinzi hazihesabiwi juu ya mrushaji. Kama mpira ule ungalidakwa, mtu wa tatu angalitoka, na zamu ingalikwisha. Huruma niliyompa msichana nalikuwa nimeichukua kwa mrushaji, na zawadi niliyompa mpwa wangu nalikuwa nimeichukua kwa mvulana wa sehemu 52. Tena, nilipojihoji zaidi, naliona ya kuwa sikumtazama msichana peke yake. Nalimtazama na mtoto wa nyumbani kwangu.

Kanuni humruhusu mwandishi kutengeneza hukumu yake muda mfupi baada ya mchezo. Basi nikawaita wote, nikafungua daftari mbele yao, nikakata neno lile na kuandika: kosa. Mpwa wangu akawa na mapigo 10 katika zamu 20, sehemu 50 katika 100. Nikamwomba radhi mrushaji, na yule mvulana wa darasa la sita akapewa zawadi yake.

Jioni ile mpwa wangu hakunena wakati wa chakula. Nilipokwisha nawa mikono, akaniuliza, “Mjomba, ingekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungaliandika pigo tangu mwanzo?”

Nikamjibu, “Sijui, mwanangu. Ndiyo sababu nalilifuta.”

Yule msichana hakuacha mchezo. Kila jioni alisimama kwenye changarawe, na mrushaji yule yule alimtupia mipira ya chini mpaka giza. Wenzao husema, “Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.” Nami tangu siku ile, kabla sijaandika, hufunika majina ya daftari kwa kiganja changu, nikajiuliza tu: mpira ulikuwaje, kiwanja kilikuwaje, na mtoto wa kadiri angaliweza nini? Nikisha kupata jibu, huinua kiganja, nikaandika.