Nilimwandikia Kuwa ni Mjanja

Nina steshenari ndogo Kashai, hatua chache kutoka sokoni: kompyuta moja, printa moja, na ukuta ambao ufa wake wa tetemeko la Septemba 2016 niliuziba kwa saruji isiyofanana na ya mwanzo. Natoa kopi, nachapa sivii, naandika barua za kazi. Sisi Wahaya wa Bukoba nchi nzima inatutania kwa neno moja, nshomile, yaani nimesoma. Wanasema Mhaya hawezi kuagiza chai bila kuchomekea Kiingereza. Mimi utani huo niliufanya mtaji. Barua ya Kiswahili nilitoza 1,000, ya Kiingereza 3,000.

Siku moja binti alikuja na mwajiri wake wa zamani, mzee mwenye duka la jumla. Binti alikuwa anaomba ukeshia hotelini, na huko walitaka barua kutoka kwa mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Mzee hakuwa na maneno mengi.

"Andika, mwanangu, huyu ni mjanja. Kwenye hela hapunjwi. Noti bandia anaijua kwa kidole, hata umeme ukikatika."

Binti akainamisha kichwa, akicheka.

Barua ilikuwa imeshakamilika hapo. Ningeichapa kama ilivyotoka kinywani mwake, ingetosha. Sikuichapa. Nilifungua kamusi yangu iliyong'oka jalada, nikatafuta mjanja, nikakutana na "cunning". Sikulijua vizuri neno hilo, na ndiyo maana nililipenda. Nikaandika: "She is very cunning with money." Mzee hakusoma. Aliniamini, akaweka sahihi, akagonga muhuri. Nikapokea 3,000.

Nadhani nilifika hapo kwa sababu nilizoea kuona maneno ya Kiingereza cha kazini kama vipuri, kwamba kikiingia kwenye tundu basi kinafaa. Kumbe maneno ya tabia yana ukorofi wake. Mtaani ukimwita mtu smati unasifia shati lililopigwa pasi, wakati tangazo la kazi huenda linataka akili. Kwetu aliye siriasi amenuna. Wanaotafuta watu wa mauzo huandika wanamtaka "aggressive", lakini mwandikie hivyo mwalimu wa chekechea uone kama kuna mzazi atakayemwachia mtoto. Na neno letu mjanja lina mikono miwili: mtoto anayetumwa dukani akarudi na chenji kamili ni mjanja, na aliyekuuzia kiwanja cha mtu mwingine naye ni mjanja. Sauti ya msemaji ndiyo inayotuambia ni yupi. Sauti ya mzee niliisikia mwenyewe, nikiwa nimekaa naye meza moja. Kwenye karatasi haikuwepo.

Wiki tatu baadaye binti alirudi. Hotelini walimwita, wakamsaili kwa muda mfupi, na mara mbili wakamuuliza kama aliachana vizuri na bosi wake. Hakuelewa kwa nini. Kazi hakupata.

"Hao wana ndugu yao tayari, waitu," nikamwambia, kwa uhakika wa mtu anayejua mambo ya mjini. Nikamtolea nakala tatu nyingine za barua ileile. Nikamtoza.

Aliyenizindua ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Alikuja dukani na daftari, akaliweka juu ya printa.

"Mjomba, umenikosesha."

Nilikuwa nimemsaidia kazi ya nyumbani. Pembeni ya "cunning" alikuwa ameandika mjanja, mwenye akili. Mwalimu amekata kwa wino mwekundu, na juu yake ameandika: mwenye hila. Kinyume chake, mwaminifu.

Nilicheka kwanza. Kisha nikaacha kucheka. Barua bado ilikuwa kwenye kompyuta, faili lina jina la binti. Nilifungua, nikaisoma kama angeisoma meneja anayetafuta mtu wa kumkabidhi droo ya fedha. Mwenye hila. Sana. Kwenye hela. Chini yake muhuri wa mzee, kama ushahidi.

Ningependa kusema nilimtafuta siku hiyohiyo. Nilikaa kimya siku tisa. Nilijiambia kwamba hakuna atakayejua, na hapo nilikuwa mjanja wa ule mkono wa pili.

Nilimkuta kwenye meza ya mama yake sokoni, akipanga nyanya mafungu mafungu. Nikamweleza. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo kaka, nimetembea na hiyo barua muda gani?"

"Miezi minne."

"Na hizo nyingine tatu nilipeleka zote." Akaendelea kupanga nyanya.

Maombi manne, yote hayakujibiwa vizuri. Siwezi kuapa kwamba barua yangu ndiyo iliyoyaua yote manne. La hotelini sina shaka.

Tulikwenda kwa mzee pamoja. Alinisikiliza, akaniuliza tu kama Kiswahili hakina bei. Tangu 2021 sheria imekifanya lugha ya mahakama, lakini mimi nilikiona hakitoshi kumsifia keshia. Akachukua karatasi ya daftari la duka, akaandika kwa mkono wake, herufi kubwakubwa: HAPUNJWI WALA HAPUNJI. Akagonga muhuri.

Binti aliniletea nitoe kopi tano. Nilikataa malipo. Aliziweka kwenye bahasha, akahesabu sarafu, akaziacha juu ya printa, kamili.