Mwili wa Mshindi

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini je, kila samaki hukunjika? Swali hili lilitukuta uwanjani huko Rubwera, makao ya Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tulipotakiwa kuchagua wanafunzi wa kwenda katika mashindano ya riadha. Hatukuwa na siku za kutosha, wala saa ya kupimia. Tulikuwa na macho tu. Tukawapanga vijana mstari mmoja, tukawachukua wenye miguu mirefu na viwiliwili vyembamba, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuwaona wakimbiaji mashuhuri katika picha. Kijana mmoja mfupi akauliza, "Mwalimu, mbona mimi sijakimbia bado?" Tukamjibu, "Mwanangu, wewe huna mwili wa kukimbia." Akainamisha kichwa, akaenda zake. Hakurudi uwanjani tena.

Jibu lile limetukereketa hata leo, maana tulilitoa bila kujiuliza: mwili wa mwanariadha hutengenezwa na mazoezi, au mtu huzaliwa nao?

Kwamba malezi huweza kuufinyanga mwili, Karagwe yenyewe ni shahidi. Mwaka 1861, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipokaribishwa na Mfalme Rumanyika, aliwakuta wake wa nyumba ya kifalme walionyweshwa maziwa mengi mno hata wakanenepa kupita kiasi, kwani unene ulihesabiwa kuwa ndio uzuri. Basi hao hawakuzaliwa hivyo. Desturi ndiyo iliyowaumba. Mazoezi nayo hufanya kazi kama hiyo: moyo wa mkimbiaji hupanuka ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli hupata nguvu ya kustahimili.

Hata hivyo, yako mambo ambayo jasho haliyabadili. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 katika uteuzi wa wachezaji wa ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Kimo chake ni kama mita 2.21. Mchezo ulimfundisha mengi, lakini haukumrefusha mifupa. Ni urefu uliomwita mchezoni, wala si mchezo uliomrefusha.

Hapa ndipo macho yetu yanapodanganyika. Wakulima wa Kagera wanajua kwamba kahawa hupitishwa katika chekeche ili punje kubwa zitengwe na ndogo. Mgeni akiona gunia la punje kubwa tupu, asije akadhani kwamba chekeche ndilo lililozinenepesha! Michezo nayo huchekecha. Katika mashindano ya dunia tunawaona waliobaki tu. Maelfu waliofanya mazoezi yale yale wakaachwa njiani hatuwaoni. Lakini punje haikunenepa kwa mbegu peke yake; ilihitaji mvua, mbolea na palizi. Vivyo hivyo, kipawa bila mazoezi hudumaa.

Tena chekeche la macho lina matundu yasiyo sawa. Juma Ikangaa, askari wa jeshi letu, alikuwa mtu mfupi. Mwaka 1989 alishinda mbio za marathoni za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na huko Boston alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, kuanzia 1988 hadi 1990. Lau angesimama katika mstari wetu wa Rubwera, huenda tungalimwambia maneno yale yale. Yaliyo muhimu kwa mkimbiaji wa masafa marefu, yaani moyo, mapafu, damu na subira, hayaonekani kwa kutazama miguu.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, hatuna budi kubadili utaratibu. Tuwazoeze wanafunzi wote kwanza, kwa miezi si kwa siku, ndipo tuchekeche. Na tuchekeche kwa saa na kwa maendeleo ya kila mmoja, si kwa kimo. Nanyi vijana, msiutazame mwili wa mshindi mkakata tamaa, wala msidhani kwamba mazoezi yake yatawapa umbo lake. Yatawapa ubora wa miili yenu wenyewe, ambao kabla ya kujaribu hakuna aujuaye.

Yule kijana hatukumpima. Pengine asingeshinda. Lakini kosa letu ni kwamba tulilitoa jibu kabla yeye hajakimbia hata hatua moja.