Santuri Mbili Tulizozisikia

Mwezi uliopita zilifika nyumbani kwetu santuri mbili, nasi tukazisikiliza jioni baada ya chakula, pamoja na watoto. Twapenda kuwaeleza tulivyoziona, maana zimetufurahisha, tena zimetutia haya.

Ya kwanza ni Missa Luba, iliyoimbwa mwaka 1958 na wavulana na walimu wa Kamina, nchi ya Kongo, wakiongozwa na Padre Guido Haazen wa Ubelgiji. Maneno ni ya Kilatini, lakini sauti ni za kwao, na ngoma zafuatana nazo. Kyrie wameiimba kwa namna ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Hapo mama yetu mzee aliacha kusuka ukili, akainama. Hajui Kilatini wala Kiluba. Lakini kilio alikijua.

Ya pili ni Amazing Grace ya Aretha Franklin, iliyoimbwa kwa siku mbili, Januari 1972, katika kanisa la Wabatisti mjini Los Angeles, Marekani. Bibi huyu alikuwa binti wa mchungaji, naye alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa kwa nyimbo za dunia. Wimbo ulioipa santuri jina lake wachukua dakika kumi na zaidi, kwa kuwa haliachi neno mpaka amelionja lote, na watu humwitikia. Mahali pengine twaona vigelegele vimezidi, hata maneno hayasikiki vema. Kwa hiyo ile ya Kamina twaipenda zaidi.

Basi, kilichotutia haya ni hiki. Miaka mitatu iliyopita, sisi tunaofundisha kwaya tuliwakataza vijana kupiga ngoma ibadani. Kijana mmoja, mpigaji hodari, aliondoka asirudi. Tulidhani tumeilinda nyumba ya Mungu. Kumbe tuliyalinda masikio yetu tu.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwake kumwomba radhi. Hakutujibu upesi. Ngoma yake ilikuwa imetundikwa ukutani, ngozi imelegea. Alitupa maji ya kunywa, kisha akaomba kuisikia ile ya Kamina. Alisikiliza hata mwisho, akanyamaza. Kama atarudi, hatujui, santuri tumemwachia.

Enyi walimu wenzetu, sikilizeni kwanza, ndipo mkataze.