Mgawo, Ugavi na Pawa

Neno lililonishughulisha msimu huu wa mvua halikutoka katika tenzi za kale wala katika lahaja za pwani. Lilitoka ndani ya kisanduku cha chuma chenye feni, kilichokuwa juu ya meza ya mpwa wangu huko Kibondo, kikinuka plastiki iliyoungua. Kisanduku hicho ndicho kinachopokea umeme wa ukutani na kuulisha mwili mzima wa kompyuta. Mafundi wetu wa Kasulu na Kibondo hukiita "pawasaplai", na wakiwa na haraka, "pawa" tu. "Pawa imekufa, Mwalimu," waliniambia, kwa sauti ile ile mtu anayotumia kutangaza msiba wa jirani wa mbali.

Kwangu msiba huo haukuwa wa mbali. Dada yangu na mwanawe walikuwa wameweka akiba ya misimu miwili ya maharage ili kijana afungue chumba cha michezo ya kompyuta. Vyumba vya namna hiyo vimejaa katika miji yetu: mtoto hulipa, huketi mbele ya kioo, hucheza mpira kwa vidole. (Mchezo wenyewe uliacha jina la FIFA mwaka 2023 ukawa EA Sports FC, lakini midomo ya vijana wetu haijaipokea talaka hiyo.) Mpwa wangu alichagua kompyuta badala ya mashine za michezo pekee, akiwa na hoja ambayo hata mimi niliikubali: mchana ataandika barua za watu na kuwajazia wanafunzi fomu za mtandaoni, jioni atachezesha. Kompyuta ilikuwa ya kuunganishwa na fundi. Kadi ya michoro, yaani ile sehemu inayokokotoa na kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo, ilikuwa GeForce RTX 3060 iliyotumika, iliyonunuliwa Kariakoo na kusafiri kwa basi hadi kwetu. Hiyo kadi peke yake ilikula zaidi ya nusu ya fedha za maharage. Pawasaplai ilinunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki, katika duka moja ambalo sitalitaja. Ubavuni ilikuwa na karatasi inayong'aa yenye maandishi makubwa: wati 600.

Siku ya tatu, mchezo ulipopamba moto, mashine ilizimika ghafla. Wakaiwasha. Ikazimika tena. Mara ya tatu ikatoa moshi. Jioni hiyo mpwa wangu akanipigia simu: "Shikamoo Mjomba. Nisaidie kusoma hii karatasi, nimeisoma yote sijaielewa."

Hapo ndipo lugha inapoingia, na ndiyo sababu naleta habari hii mbele ya washairi. Kijana huyu alifaulu kidato cha nne. Anasoma. Lakini karatasi iliyobandikwa kwenye kile kisanduku imeandikwa kwa lugha ya watu wengine, na wanaomshauri hawana neno la Kiswahili la kumwelekeza. Wanachokijua wanakijua kwa vidole. Tumejitahidi sana upande wa programu. BAKITA ipo kwa sheria tangu mwaka 1967. Tumegombana vya kutosha juu ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, wakatupatia menyu nzima kwa Kiswahili. Yote hayo yako juu ya kioo. Chini ya kioo, kwenye vyuma, shaba na moshi, tumemwachia fundi ajitafutie.

Nilijaribu kuunda neno. Ugavi ni neno zuri, lakini kwetu limezoeleka kuwa idara: afisa ugavi, stoo, fomu za kusaini. Nikarudi kwenye mzizi wake, kugawa, nikakutana na mgawo. Sasa nani Tanzania atasikia "mgawo" na "umeme" katika pumzi moja asifikirie giza? Sisi wa Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi ya taifa haijatufikia. Masikio yetu yana kumbukumbu. Nikafikiria "kigeuza umeme", kwa kuwa kazi halisi ya kisanduku ni kugeuza. Ukutani tunapata volti 230 za mkondo geu, na kompyuta haiwezi kula chakula hicho. Inataka volti 12, 5 na 3.3 za mkondo usiogeuka. Maana ilikaa vizuri. Nilipomwambia mjukuu wangu wa Kasulu, akasema, "Babu, hiyo si inveta ya sola?" Alikuwa na hoja. Katika nyumba nyingi za milimani kwetu, kinachogeuza umeme ni inveta, na ina mahali pake tayari. Basi nimeiacha pawasaplai ibaki pawasaplai. Ina irabu mwishoni, inakubali "hii" na "hizi", na fundi hahitaji kufundishwa.

"Kadi ya michoro" nimeitetea zaidi, ingawa mzee mwenzangu aliniuliza kama ni kadi ya mchango wa harusi.

Nikamfuata mpwa wangu Kibondo. Tulikaa mchana mzima na ile karatasi, na nikamsomea kama tunavyosoma shairi: kwanza mizani, mapambo baadaye. Namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi haina maana peke yake. Inayotakiwa ni ile ndogo iliyo katika jedwali, kwenye safu ya volti 12, kwa sababu kadi ya michoro na kichakataji hula karibu chakula chao chote kutoka hapo. Katika safu hiyo paliandikwa ampea 16. Volti mara ampea ndiyo wati: 12 mara 16 ni 192. Basi kile kisanduku cha "wati 600" kilikuwa na wati 192 pale zinapohitajika, tena kama jedwali lenyewe lilisema kweli.

Upande wa pili wa mizani tukaweka walaji. RTX 3060 imepangiwa wati 170. Kichakataji chake, Ryzen 5 3600, kimepangiwa 65. Jumla 235, kabla hujahesabu feni, diski na bodi kuu. Kijana aliandika hesabu hiyo kwa kalamu, akaitazama kwa muda, akasema, "Kumbe iliandikwa hapa hapa." Sikuongeza neno. Mama yake alikuwa mlangoni akisikiliza.

Kampuni ya NVIDIA inapendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Wengine huona hiyo ni tahadhari ya kutaka watu wanunue zaidi. Mimi naona ni akili. Kadi haili kwa utulivu. Mchezo unapobadilika ghafla, hunyakua kwa kipande kidogo cha sekunde zaidi ya kiwango chake, na kisanduku kinachofanya kazi ukingoni hukatika hapo. Mshairi anayejua kazi yake hajazi kila mzani kwa neno gumu. Huacha silabi nyepesi mahali fulani ili mghani apumue.

Kabla ya kununua pawasaplai nyingine ilibidi tujue kama kadi yenyewe ilikuwa hai. Ni rahisi kununua chakula cha marehemu. Tukaifunga katika boksi lake, mpwa wangu akaipakata mapajani katika basi kutoka Kibondo hadi Kasulu, na fundi mmoja akaichomeka kwenye mashine yake yenye umeme wa kutosha. Nilisimama nyuma yao nikihesabu, bila kutaka, magunia ya maharage. Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi kwa muda ambao nisingependa kuurudia, kisha kikawaka. Fundi akaacha mchezo mzito uendeshwe nusu saa nzima, akisoma joto la kadi kila baada ya dakika chache. Ilipona.

Tuliyonunua safari hii imeandikwa wati 550, na jedwali lake linasema ampea 45 kwenye volti 12, yaani wati 540. Namba kubwa na namba ndogo zinasema jambo moja. Hiyo ndiyo ishara ninayoiamini kuliko rangi ya boksi. Ina pia alama ya 80 Plus ya daraja la shaba. Mpango huo ulianza mwaka 2004, na jina lake lina hesabu ndani yake: angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia utoke ukiwa na manufaa. Chukua mashine inayotumia wati 240 ndani. Kwa ufanisi wa asilimia 80 itavuta 300 ukutani, na 60 zitakuwa joto tupu la kumpasha mpwa wangu. Ikichezeshwa kwa muda wa saa 4, hizo 300 ni uniti 1.2 za LUKU. Mwenye chumba cha biashara asiyejua namba hiyo hajui faida yake. Tahadhari moja: karatasi ya 80 Plus nayo hughushiwa. Modeli zilizopimwa zina orodha mtandaoni. Modeli yako ikikosekana, alama hiyo ni pambo.

Nilimwandikia ubeti akaubandika ukutani, juu ya swichi. Si kazi ya kupelekwa mashindanoni, ila mizani imetimia:

Wati mia na sabini, kadi hiyo yahitaji,
Kwa sanduku la zamani, ni mzigo si mtaji,
Ampea zihesabuni, enyi wana wachezaji,
Umeme hauna dini, haubagui mlaji.

Mjukuu wangu wa Kasulu alipoona mambo ya Kibondo yamekwenda vizuri, akataka naye kadi kama ile. Yeye ana Dell OptiPlex 9020 ya mnara, mojawapo ya zile kompyuta za ofisi zinazoletwa zikiwa zimetumika na kuuzwa kila mahali. Hapa jibu lilikuwa tofauti kabisa. Pawasaplai ya mashine hiyo ni ya wati 290, na huwezi kuing'oa na kuweka ya kawaida hivi hivi, kwa sababu Dell walitumia plagi ya pini 8 kwenye bodi kuu badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Kuna vigeuza plagi vinavyouzwa, lakini kwa kijana anayejifunza nisingependa kiungo cha kwanza kiwe cha kuungaunga. Njia ya busara ni kuiacha pawasaplai na kuchagua kadi inayoitosha. Tundu la bodi linaloshika kadi lina uwezo wa kutoa hadi wati 75 bila waya wowote wa nyongeza. GTX 1650 ya mwaka 2019 imepangiwa wati 75 hizo hizo. Ila uangalie kwa macho yako, maana baadhi ya watengenezaji waliiwekea tundu la waya wa ziada, na hizo hazimfai. Kichakataji chake, i5-4590, ni wati 84. Jumla 159, ongeza kiasi kwa sehemu nyingine, bado uko mbali na 290.

"Lakini ina gigabaiti 4 tu, Babu, na ya Kibondo ina 12."

Nikamwambia shairi la mizani 16 haliwi bora kwa kulazimisha 24 ndani yake. Hakufurahi. Vijana hawapendi mifano ya arudhi wanapozungumzia fedha, na sidhani kama ni vibaya. Alichokubali ni hesabu, na ile safari ya basi aliyoisikia kwa binamu yake. Amenunua GTX 1650 isiyo na tundu la nyongeza, na kadi imekaa mahali pake bila waya mmoja kuongezwa.

Limebaki suala la radi. Masika ya kwetu huja na ngurumo zisizobisha hodi, na umeme wa njia ndefu hupanda na kushuka. Pawasaplai nzuri huvumilia mengi, lakini haijaumbwa kupokea radi. Chumba cha Kibondo sasa kina stabilaiza, na kanuni iliyoandikwa kwa mkono wa dada yangu, kwa Kiswahili chake kisicho na neno moja la kuazima: wingu likiwa jeusi upande wa Burundi, chomoa. Wateja wanalalamika mechi zao kukatishwa. Juzi mmoja alidai arudishiwe fedha, dada akamwonyesha ubeti ukutani, naye akausoma hadi mwisho na kuuliza mlaji ni nani.