Mwalimu Anaponyamaza

Wanafunzi wengi wa udereva hapa Kigali hupenda kuulizana: "Umeshasoma masomo mangapi?" Kuhesabu masomo ni jambo jepesi. Lililo gumu ni kujua kama mtu yuko tayari kwa mtihani wa vitendo. Swali hilo lilinisumbua kwa miezi kadhaa, na katika insha hii nataka kueleza jibu nililolipata.

Katika nchi yetu ya Rwanda, njia ya kupata leseni ina hatua mbili. Kwanza kuna mtihani wa nadharia wenye maswali 20, na mtahiniwa hutakiwa kupata angalau 12. Akifaulu hupewa leseni ya muda, ambayo watu wengi huiita provizwari, nayo hudumu miaka 2. Kabla muda huo haujakwisha, inampasa afaulu mtihani wa vitendo: kuondoa gari kwenye mwinuko, kuegesha, kupita zigizaga katikati ya vizuizi, na kuendesha barabarani pamoja na magari mengine. Tangu mwaka 2024 kuna kituo cha Busanza, wilayani Kicukiro, ambako mitambo ndiyo inayorekodi makosa ya mtahiniwa. Mitambo haioni haya wala haina huruma.

Mama yangu ni mfanyabiashara wa viazi. Hununua Musanze na kuuza Kigali, na kwa kila safari humlipa dereva wa kuendesha pikapu yetu. Baada ya kumlipa dereva na kununua mafuta, faida inayobaki ni ndogo, na kutokana nayo ndiyo tunapata ada ya chuo, yangu na ya mdogo wangu. Kwa hiyo mama alitamani nipate leseni haraka. Provizwari yangu ilipobakiwa na miezi 4, akaniambia, "Mwanangu, nenda ukafanye. Wenzako waliosoma wiki chache tu wamefaulu." Jirani mmoja akanishauri nifanye mtihani kwa gari la otomatiki, kwa kuwa siku hizi inaruhusiwa. Lakini leseni hiyo ingenifungia kwenye magari ya otomatiki, na pikapu ya mama ni ya gia za mkono.

Mwalimu wangu wa udereva hakubishana na mtu. Alikuwa na daftari dogo. Kila tulipomaliza somo aliandika tarehe, barabara tuliyopita, hali ya hewa, na namba moja. Namba hiyo ilikuwa jumla ya mara alizolazimika kukanyaga breki ya upande wake, kushika usukani, au kusema neno la kuniokoa, kama vile "Simama!" au "Tazama kioo!" Aliniambia, "Siku utakapopata sifuri mara tatu mfululizo, moja kwenye mvua, moja jioni watu wanapotoka kazini, na moja katika barabara usiyoizoea, nitakwambia nenda." Wakati huo namba zangu zilikuwa nne, tatu, tano.

Nilianza kuelewa mantiki yake tulipokuwa tukifanya mazoezi ya kuondoka mlimani. Kigali ni mji wa vilima, na foleni husimama mahali popote, hata katikati ya mteremko. Lazima usikilize klachi inaposhika, uongeze mafuta kidogo, kisha uachie breki ya mkono, huku pikipiki imesimama karibu sana nyuma yako. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo vizuri mara kumi akiwa anaelekezwa: "Sasa achia, sasa ongeza." Lakini anayeendesha hapo ni nani? Miguu ni ya mwanafunzi, na uamuzi ni wa mwalimu. Siku ya mtihani sauti ile haipo.

Jambo la pili lilinigusa kama mwanafunzi wa Kiswahili. Katika vitabu vyetu, mzunguko wa barabara huitwa kipilefti, neno lililotokana na Kiingereza, lenye maana ya kushika upande wa kushoto. Linawafaa Tanzania, Kenya na Uganda. Sisi Rwanda tunaendesha kulia, na dereva anayevuka mpaka wa Rusumo au Gatuna hubadili upande. Nikitamka neno hilo nikiwa kwenye mzunguko wa Kigali, ulimi unasema kushoto na mikono inapaswa kushika kulia! Mwalimu alicheka nilipomweleza, kisha akasema kwamba ndiyo maana mtu hapimwi kwa maneno anayoyajua, bali kwa kile ambacho mikono inafanya bila kuambiwa.

Mama hakufurahia kusubiri, na sikumlaumu. Kila wiki niliyoahirisha ilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo aliilipa yeye. Nilichomwambia ni hiki: mtihani utaisha kwa muda mfupi, lakini baada yake nitashuka Buranga nikiwa na gunia za viazi nyuma na wewe pembeni yangu. Mteremko ule hauulizi alama. Usipoingiza gia ndogo mapema, ukategemea breki peke yake, breki hupata moto na kukosa nguvu. Mama alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza namba ya juma lile ilikuwa ngapi. Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza namba kabla hata ya kuuliza habari za masomo.

Sifuri ya mvua ilikuja kwanza. Ya jioni ilichelewa. Ya tatu niliipata kwenye barabara ya Shyorongi, mwalimu akiwa ameweka mikono mapajani njia nzima. Aliandika namba, akafunga daftari, akasema, "Nenda." Nilifanya mtihani zikiwa zimebaki siku 19, nikafaulu. Sasa mama hamlipi dereva tena, na mara nyingi tukishuka Buranga husinzia.

Kwa wenzangu mnaojifunza: msiulize mmesoma masomo mangapi, wala jirani alifaulu baada ya wiki ngapi. Ulizeni ni mara ngapi leo mwalimu amelazimika kuwaokoa. Nasi tunaosomea ualimu, ambao karibuni tutapelekwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, tunaweza kununua daftari kama lile. Mwanafunzi anayejibu vizuri tunapomdokezea bado anatuhitaji. Aliye tayari ni yule tunayeweza kukaa kando yake, tukanyamaza, naye akafika.