Mtumbwi Usio na Maji

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika, na niliahidi nitaandika juu ya mazoezi ya mwili. Najua kuna wanaocheka tayari. Mgao umepunguzwa, watu wanakula mara moja kwa siku, halafu huyu anatuletea habari za kutoka jasho! Subirini kidogo, nitafika hapo.

Mwaka jana nilitumwa Mbarara kwa semina ya siku mbili, sisi tunaojitolea upande wa afya. Nilipanda takisi Endiinzi kabla jua halijachomoza. Mahali tulipolala kulikuwa na chumba cha mazoezi, na ndani nikaona kitu ambacho sijawahi kuona: reli ndefu ya chuma, kiti kinachoteleza juu yake, na mbele gurudumu lililofunikwa, lenye mnyororo na mti wa kushika. Kijana aliyelinda chumba akaniambia, "Hiyo ni ya kupiga makasia. Kaa, jaribu."

Mimi nimezaliwa Baraka, kwenye ukingo wa Tanganyika. Papa alikuwa mvuvi wa ndagala. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya nyumbani kwetu. Nikaanza kuvuta kwa mikono, nguvu zote. Dakika tatu tu: mabega yanawaka, pumzi imekatika, na yule kijana anacheka.

Akanionyesha. Mikono ni ya mwisho. Unaanza kusukuma na miguu, halafu mgongo unalala nyuma kidogo, ndipo mikono inavuta mpaka chini ya kifua. Kurudi ni kinyume: mikono, mgongo, magoti. Kurudi kuwe polepole kuliko kuvuta, hapo ndipo unapumua. Sehemu kubwa ya nguvu inatoka miguuni. Tena gurudumu lile lina mapanga yanayosukuma hewa, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu linakuwa zito, ukivuta taratibu linakuwa jepesi. Mzee na mwanamichezo wanaweza kukaa kwenye mashine moja, kila mtu na uzito wake. Na kwa sababu umekaa, magoti hayabebi mwili kama wakati wa kukimbia.

Hapo kwenye magoti ndipo nilimkumbuka Papa.

Papa ana presha. Kwenye kituo cha afya walimwambia atembee kila siku, lakini goti lake liliumia wakati tulipokimbia, na milima ya huku haina huruma. Basi anakaa. Mtu aliyekuwa anapiga kasia usiku mzima, sasa anakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba tangu asubuhi mpaka jioni. Ziwa Nakivale liko karibu, lakini uvuvi una sheria zake, viboko wapo, na yeye alishasema hilo si ziwa lake.

Niliporudi nikamweleza ile mashine. Akasikiliza, akauliza:

"Na inaendaka wapi?"

"Haiendake fasi yoyote, Papa."

"Basi iko sawa na sisi."

Sikujua nicheke au ninyamaze.

Nikatafuta bei kwenye simu. Mashine nzuri mpya ilikuwa inafika karibu dola 1,000. Nikaachana na habari hiyo. Lakini nikasoma kitu kingine kilichonipa moyo. Kampuni ya Concept2 ya Marekani, ambayo mashine zake zinatumika mpaka kwenye mashindano ya mita 2,000, ilianzishwa na ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker. Walianza kwa kupigilia baiskeli kwenye sakafu ya ghala na kuvuta mnyororo wake. Mashine yao ya kwanza ya kuuza, mwaka 1981, ilikuwa na gurudumu la baiskeli. Nikajiambia: baiskeli mbovu hapa kambini zipo.

Kwa fundi wa baiskeli nilipata mipira miwili ya ndani, iliyotobokatoboka. Nikaifunga kwenye nguzo, nikaweka kipande cha mti cha kushika, ubao niliopaka sabuni ili nikae niteleze, na gogo la kukanyagia. Siku ya kwanza mpira ulichomoka ukanipiga kifuani, nikaanguka chali mbele ya watoto wa majirani.

Papa alicheka. Miaka mingi sijamsikia akicheka hivyo. Akasimama, akaja na fimbo yake, akafungua fundo langu. "Nani alikufundisha kufunga hivi?" Akafunga fundo la wavuvi. Halijachomoka mpaka leo.

Kabla hajaanza, niliuliza kwenye kituo. Wakasema sawa, lakini aanze kidogo, asizuie pumzi anapovuta, na akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua aache mara moja. Tulianza dakika tatu asubuhi, tatu jioni. Yeye hatelezi sana, goti halikunji lote. Sasa anafika dakika kumi mara mbili kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa dakika 20 kila siku, siku saba ni 140. Tuko karibu.

Sisemi presha imepona. Dawa anakunywa kila siku, na mtu asiache dawa kwa sababu ya mpira wa baiskeli. Lakini usiku analala, na asubuhi yeye ndiye ananiamsha.

Sasa lile swali la chakula. Mama mmoja jirani aliniuliza, "Mnatafuta kukonda zaidi?" Hapana. Hatufanyi ili tukonde. Na siku ambayo hatujala, hatuvuti, kwa sababu mwili hauwezi kutoa kitu ambacho haujapewa. Siku hizo Papa anakaa kwenye ubao wake bila kushika mti, anawasimulia watoto habari za Tanganyika.

Nilimwambia pia kwamba Uganda ina mpiga makasia wa Olimpiki, Kathleen Noble, wa kwanza wa nchi hii. Alishindana Tokyo mwaka 2021, na tena Paris 2024. Papa akauliza kama anapiga akiangalia nyuma. Nikamwambia ndiyo, kwenye mashua zile unakaa ukiangalia ulikotoka.

Akafikiri kidogo. "Lakini anafika?"

"Anafika, Papa."

"Basi hesabu," akasema, akashika mti.

Mwenye mpira wa ndani uliotoboka asiutupe. Tutaongeza nguzo ya pili, vijana wameanza kupanga foleni.