Palilia Kwanza, Ndipo Utie Mbolea

Mimi ni mkulima wa hapa Sudi, Mkoa wa Lindi. Mume wangu ni mvuvi. Yeye huenda baharini, mimi huenda shamba. Nalima mahindi, mtama, muhogo, kunde na ufuta. Leo nataka tuzungumze juu ya magugu na mbolea. Mambo haya mawili huenda pamoja. Ukiyatenganisha utachoka bure.

Watu wengi husema, "Shamba langu limechoka. Nikipata mbolea, nitavuna." Maneno hayo ni kweli, lakini hayajatosha. Mbolea haina macho. Haijui hindi ni lipi na gugu ni lipi. Ukiimwaga katika shamba lenye majani, majani nayo yatakula. Yatanenepa, yatarefuka, na mahindi yako yatabaki manjano. Fedha zako zitakuwa zimelisha magugu.

Kwa hiyo neno langu ni hili: palilia kwanza, ndipo utie mbolea. Na ukipalilia, palilia mapema.

KWA NINI MAPEMA?

Huku kwetu mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba. Huendelea mpaka Aprili au Mei. Mvua ya kwanza huamsha kila kitu. Mbegu uliyopanda huota. Mbegu za magugu zilizolala ardhini nazo huota.

Hindi changa ni kama mtoto mchanga. Mtoto akikosa chakula katika miezi yake ya mwanzo, afya yake huharibika. Hata ukimlisha vizuri baadaye, hasara nyingine hairudi. Hindi ni hivyo hivyo. Likinyimwa maji, chakula na jua katika wiki zake za mwanzo, palizi ya baadaye haitalirudishia yote.

Fanya palizi ya kwanza wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota. Fanya palizi ya pili katika wiki ya tano au ya sita. Baada ya hapo mahindi yenyewe hutia kivuli, na magugu hupungua nguvu.

Chagua siku ya jua. Palilia asubuhi, ili magugu yakauke mchana. Ukipalilia ardhi ikiwa matope, magugu mengi hushika mizizi tena.

Najua utaniambia, "Ndugu yangu, mwezi wa Desemba nina kazi nyingi. Korosho bado zinaokotwa." Ni kweli. Mimi pia nina mikorosho. Ndiyo maana nasema, pima nguvu zako kabla ya kulima. Ekari moja iliyopaliliwa kwa wakati ni bora kuliko ekari mbili zilizomezwa na majani. Sisi akina mama watatu wa jirani tunasaidiana. Leo tuko shamba langu, kesho shamba la mwenzangu, keshokutwa la wa tatu. Kazi ya wengi haichoshi kama kazi ya mmoja.

NDAGO

Ndago unaifahamu. Majani yake ni membamba na yanang'aa. Ukiikata kwa jembe, baada ya siku chache imeota tena. Sababu yake iko chini ya ardhi. Huko ndago ina vichwa vidogo vyeusi, vimefungamana kwa nyuzi kama shanga. Kila kichwa kinaweza kuota. Ukikata juu tu, umeinyoa.

Chimba chini. Okota vile vichwa pamoja na nyuzi zake. Vianike juani mpaka vikauke kabisa, au vichome. Usivitupe kando ya shamba. Rudia kazi hiyo kila inapoota. Pia panda kunde katikati ya mahindi. Kunde hutambaa na kufunika ardhi, na ndago haipendi kivuli.

KIDUHA

Sasa nitaeleza gugu baya kuliko ndago. Wataalamu huliita kiduha. Urefu wake ni kama shubiri moja. Majani yake ni membamba. Katika mikoa ya kusini maua yake huwa mekundu. Ni maua mazuri, lakini usidanganyike.

Kiduha ni mwizi. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Hulala ardhini mpaka mzizi wa hindi au mtama upite karibu. Hapo huamka, hujishikiza kwenye mzizi huo, na huanza kunyonya. Hufanya kazi hiyo chini ya ardhi kwa wiki kadhaa kabla hujaona jani lake. Ukiliona ua lake, hasara imekwisha kuingia.

Shangazi yangu alipatwa na jambo hili. Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Lakini mahindi yake yalidumaa. Yalinyauka mchana kama yaliyokosa maji, na ardhi ilikuwa na unyevu. Upande wa pili wa njia mahindi yalikuwa mazuri. Watu wakaanza kunong'ona kwamba shamba limerogwa. Shangazi akakumbuka kwamba jirani yake mmoja alipita shambani kwake jioni. Basi akaacha kumsalimu. Wanawake hawa wawili walikuwa wakichota maji kisima kimoja kwa miaka mingi. Sasa mmoja akimwona mwenzake kisimani, alirudi nyumbani na ndoo tupu. Watoto wao nao wakakatazwa kucheza pamoja.

Bibi Shamba alipokuja, hakubishana na mtu. Aliomba jembe na beseni la maji. Alichimba shina moja la hindi taratibu pamoja na udongo wake. Akaliloweka ndani ya beseni mpaka mchanga ukatoka. Kisha akatuita tutazame. Tukaona vimelea vyeupe vimejishikiza kwenye mizizi ya hindi. Akasema, "Huyu ndiye mchawi wenu."

Halafu akaomba twende katika shamba la yule jirani. Kiduha kilikuwamo pia, pembeni, mahali maji ya mvua yanapopita. Jirani naye alikuwa anaibiwa, wala hakujua. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwambia, "Dada, shikamoo." Jirani akaitikia, "Marahaba." Siku iliyofuata waling'oa kiduha pamoja, wakianzia shamba la jirani.

Sikwambii kwamba kiduha kiliisha. Hakikuisha. Mmea mmoja wa kiduha unaweza kutoa mbegu 50,000 au zaidi. Mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Lakini kilipungua, na shangazi akapata mahindi ya kula.

Hata nchi tajiri zimepambana na gugu hili. Mwaka 1956 kiduha kiligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya North Carolina na South Carolina, huko Marekani. Mwaka uliofuata Serikali ya huko iliweka amri ya kuzuia udongo na mazao kutoka katika mashamba hayo bila kukaguliwa. Walitumia fedha nyingi na mitambo, na kazi yao ilichukua miaka mingi sana. Je, mahindi ya Marekani yalirogwa na jirani wa Sudi?

TUFANYE NINI JUU YA KIDUHA?

Kwanza, king'oe kabla hakijatoa maua. Kama kimekwisha kutoa maua, kibebe nje ya shamba ukichome moto. Usiwape mbuzi wala ng'ombe. Mbegu zake hupita tumboni na kurudi shambani pamoja na samadi.

Pili, safisha jembe lako ukitoka katika shamba lenye kiduha. Usichukue mbegu ya kupanda kutoka katika shamba hilo.

Tatu, badilisha mazao. Kiduha hiki hushambulia mahindi, mtama, uwele na mpunga. Hakili muhogo. Ufuta na karanga hukidanganya. Mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha, lakini mbegu ikiisha kuota haipati chakula, nayo hufa. Kwa hiyo usipande mahindi mahali pale pale kila mwaka. Panda ufuta au karanga, kisha ndipo urudie nafaka.

Nne, uliza mbegu zinazovumilia. Mwaka 2002 nchi yetu iliidhinisha mbegu mbili za mtama zinazostahimili kiduha. Majina yake ni Hakika na Wahi. Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wako.

Tano, lisha udongo. Kiduha hupenda ardhi iliyochoka. Zamani wazee wetu walifyeka pori, walilima miaka michache, kisha wakaliacha lipumzike. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamia vijijini, na mashamba ya karibu yakawa yanalimwa kila mwaka. Watu wameongezeka, na pori la kuhamia halipo tena. Ardhi isiyopumzika lazima ilishwe. Hapo ndipo tunafika kwenye mbolea.

MBOLEA YA NYUMBANI

Sehemu kubwa ya udongo wetu wa pwani ni kichanga. Kichanga hakishiki maji, wala hakishiki mbolea. Mvua kubwa ikinyesha, chakula cha mimea huzama chini kusikofikiwa na mizizi. Dawa yake ni mboji na samadi. Hizi hufanya udongo uwe mweusi, nao hushika maji na chakula.

Wengi wetu hatuna ng'ombe. Lakini tuna mbuzi, kuku, majani na majivu. Na tuna magugu yenyewe! Gugu changa lisilo na mbegu ni mbolea. Liweke katika lundo la mboji. Ila kiduha na vichwa vya ndago usiviweke humo.

Tengeneza mboji hivi:

1. Chagua mahali penye kivuli. Tandika vijiti chini ili hewa ipite.
2. Weka tabaka la majani makavu. Juu yake weka majani mabichi.
3. Weka samadi ya mbuzi au ya kuku. Nyunyiza udongo kidogo na majivu kidogo.
4. Kama una matumbo ya samaki, yafukie katikati kabisa, ili mbwa na kunguru wasiyachimbe.
5. Rudia matabaka hayo mpaka lundo lifike kifuani. Mwagia maji, kisha funika kwa makuti.
6. Chomeka kijiti kirefu. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa na joto, mboji inaiva. Kikiwa kikavu, ongeza maji.
7. Baada ya wiki tatu geuza lundo.

Mboji huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kwa hiyo anza lundo lako mwezi wa Agosti au Septemba, ili mvua zikukute tayari. Wakati wa kupanda, weka konzi mbili za mboji katika kila shimo, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza mimea. Iache ioze kwanza.

MBOLEA YA DUKANI

Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali ilipoanza tena kutoa mbolea ya ruzuku, wakulima wengi wamejiandikisha. Ukiipata, itumie kwa akili.

Mbolea ya kukuzia, kama urea, itie mahindi yanapofika magotini. Usiitie kabla ya kupalilia. Ardhi iwe na unyevu, lakini mvua kubwa isiwe inakaribia. Pima kizibo kimoja cha soda kwa kila shina. Iweke kando ya shina, umbali wa vidole vinne. Isiguse shina wala jani, maana itaunguza. Ifukie kwa udongo. Urea ikiachwa juu ya ardhi, sehemu yake huruka hewani, na fedha zako huruka nayo.

ANDIKA

Ndugu msomaji, wewe unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo shambani. Nunua daftari moja. Andika tarehe uliyopanda, tarehe mahindi yalipoota, tarehe ya palizi ya kwanza na ya pili. Andika mahali ulipoona kiduha, na zao ulilopanda hapo. Mwakani usitegemee kichwa chako. Fungua daftari usome.

Na mahindi yakidumaa, usikimbilie kumtazama jirani kwa jicho baya. Chimba shina moja, lioshe ndani ya beseni, utazame mizizi. Kisha mwite jirani naye atazame. Mbegu za kiduha haziulizi mpaka uko wapi. Zikiwa kwake, kesho zitakuwa kwako. Ukipalilia peke yako, mvua itakuletea za mwenzako.

Wazee walisema, jembe halimtupi mkulima. Lakini lazima liingie shambani kwa wakati. Noa jembe lako, anza lundo lako, na zungumza na jirani yako kabla mvua hazijaanza.

Nakutakia palizi njema.